Mzee Subiri na Galaksi ya Tano

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka mbali kufika hapa: mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha pili kutoka mwisho kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mwasha taa za ishara kwenye njia ya reli, na mama yake alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Inasemekana alizaliwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimpima mara mbili, akidhani kasoro ni ya mizani.

Kabla ya kwenda mbali, kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi. Marehemu aliacha karatasi yenye mistari miwili, kwa mwandiko wake. Wa kwanza ulisema, "Msinipambe." Wa pili ulisema, "Lile la galaksi ya tano lisomwe, lote." Kwenye kikao cha familia cha juzi, mstari huo wa pili ulizua maneno. Kaka yake mkubwa alisema, "Mtu hazikwi na makosa yake yakisomwa kwa sauti. Tulifukie naye, yaishe." Mjane akamgeukia. Akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyeishi nalo. Lisomwe." Mbele ya mjane hakuna aliyebisha, kwa hiyo litasomwa, na linasomwa na mdogo wake wa kike, ambaye toka utotoni alipewa kazi zote ambazo kaka zake hawakuzitaka.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kuimaliza mwaka 1965, kisha akasoma sekondari kwa miaka minne. Alikuwa hodari wa jometri, na mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua tu mdomo. Kwa miaka mitano ya mwanzo walimu walimwona mzito, kumbe hakuwa akiuona ubao. Alipotimiza miaka kumi na miwili, muuguzi mmoja aliyepita shuleni akagundua tatizo, na baba yake akamnunulia miwani. Jioni ya siku hiyo alisimama uani, akatazama juu, akapiga kelele akimwita mdogo wake. "Njoo! Njoo uone! Kumbe ni vitone!" Mdogo wake akatoka mbio akidhani kuna nyoka. "Nyota?" akauliza. "Sasa wewe ulidhani ni nini?" Alidhani ni mabaka, kama matone ya maziwa kwenye kitambaa cha meza. Miaka kumi na miwili alikuwa ameamini mbingu imechafuka, na hakuwahi kumwambia mtu.

Basi haikuwashangaza ndugu zake kwamba mwezi Februari 1970 alikwenda kujifunza kazi katika duka la miwani, na kwamba hakuiacha kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alianza kwa kufagia vumbi la lenzi. Akafundishwa kukata, kisha kung'arisha, kisha kupima macho. Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, ubao wa herufi ukutani, na kiti ambacho mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha mbao chini kwa miaka ishirini na minane. Alikuwa na msimamo mkali juu ya jambo moja. Mteja akijitahidi kubahatisha herufi asiyoiona, alimsimamisha pale pale. "Sikuulizi herufi gani ipo," alikuwa akisema. "Nakuuliza unaona nini. Ukibahatisha, nitakutengenezea miwani ya mtu mwingine." Wengi wenu mliopo hapa mmewahi kuambiwa maneno hayo, na baadhi yenu mlikasirika.

Mkewe alimpata kupitia kiti kama hicho, katika duka alikojifunzia kazi. Alikuwa fundi cherehani aliyeanza kujichoma sindano, akaja kupimwa. Alisoma mistari minne, akafika wa tano, akasema, "Hapa sioni kitu, na usinitazame hivyo." Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba moyo wake uliondoka hapo hapo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1978. Mwaka 1982 walijaliwa mtoto wao wa pekee, binti, aliyerithi ukimya wa baba na, kwa bahati nzuri, macho ya mama kabla hajaanza kushona.

Mwaka 1987 alianza kusaga kioo cha darubini. Wengi wanajua kwamba alikuwa na darubini, lakini hawajui ilivyopatikana. Alinunua kipande cha kioo kinene chenye upana wa sentimita arobaini, akakiweka juu ya pipa na kukizungukia kwa miezi kumi na minne katika chumba cha nyuma, akikisaga kwa unga wa mchanga mgumu, kila siku saa moja baada ya kufunga karakana. Mkewe alisema alikuwa ameolewa na mtu anayezunguka pipa. Kioo kilipokamilika, wakatengeneza mwili wa darubini kwa mbao za kitanda cha zamani, na usiku wa kwanza majirani wote walipanga foleni kuona mwezi. Kila aliyeinama kutazama aliambiwa, "Subiri, macho yazoee." Ndipo lilipotoka jina la Mzee Subiri, na alikuwa hajafika hata miaka arobaini.

Lakini mwezi haukumshika. Alichokipenda ni vitu hafifu kabisa, na juu ya vyote alipenda vikundi vya galaksi zilizosongamana. Aliwaeleza watu hivi: kila galaksi ni mji wa nyota, mabilioni ya nyota, na kuna mahali galaksi nne au tano zimebanana kama watu kwenye benchi moja. Kwa darubini yake hazikuonekana kama picha za vitabuni. Zilionekana kama pumzi juu ya kioo, na ukizikazia macho zilipotea. Ilibidi kutazama kando kidogo, kimya, dakika ishirini, nusu saa, mpaka moja ijitokeze na kurudi. Watu waliokuja kwa hamu waliondoka wakiuliza kama hiyo ndiyo yote. Yeye alikuwa akisema nuru hiyo imesafiri mamia ya mamilioni ya miaka, si adabu kuidharau kwa kuwa imefika imechoka.

Alikuwa na utaratibu wake, na bila kuuelewa huwezi kuelewa yaliyofuata. Mtu anayetazama vitu hafifu ana adui mmoja, naye ni kujua mapema. Ukishaona picha ya kikundi, ukajua galaksi ya tano iko wapi, jicho litakuonyesha unachokitaka, ipo au haipo. Kwa hiyo picha zote zilikaa kwa mkewe. Chama cha watazama nyota, alichokuwa mwanachama wake, kilipotuma picha, mkewe ndiye aliyefungua barua, akaitia kila picha kwenye bahasha, akaandika namba ya kikundi juu, akaifungia kwenye droo ya cherehani. Marehemu alipewa ramani tu ya kufika mahali penyewe. Alitazama, akachora kwa penseli kwenye daftari lake, akatia saini. Asubuhi mkewe alitoa bahasha, wakalinganisha mezani kwenye chai. Alichokosa aliandika, "Sikuona." Madaftari yake yamejaa neno hilo, na alilionea fahari.

Mwezi Agosti 1996 mteja mmoja alileta karakanani miwani iliyovunjika, ameifunga kwa ukurasa wa gazeti la zamani. Marehemu akakunjua karatasi, na hapo mbele yake ilikuwapo picha ya kikundi namba arobaini na moja, kimetajwa chini yake, kile alichopanga kukitazama wiki ile ile. Galaksi tano, zimeonekana waziwazi, ya tano ndogo, imejificha chini kushoto. Alisema aliitazama kwa sekunde kama mbili, kisha akaikunja. Utaratibu ulimtaka aende nyumbani aseme, "Mke wangu, hiki kimeharibika, nimeshakiona." Hakusema. Usiku wa Alhamisi, tarehe 15, alichora galaksi nne alizoziona. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza ya tano.

Asubuhi mkewe alifungua bahasha akaruka. "Zote tano! Na hii ndogo umeiweka pale pale!" Marehemu hakuwa amewahi kumwona mkewe na furaha namna ile juu ya mambo ya mbinguni, na hakuwa na moyo wa kuizima. Mkewe ndiye aliyeupeleka mchoro kwenye chama. Mwenyekiti akauchapisha ukurasa wa mbele wa jarida, na chini yake akaandika kwamba kumbe galaksi ya tano inawezekana kwa kioo cha sentimita arobaini, kwa mwenye subira. Ndani ya mwaka mmoja wanachama kumi na mmoja wakaandika kwamba na wao wameiona.

Mtu wa kumi na mbili alikuwa binti yake, na hapo ndipo jambo lilipogeuka kuwa zito. Alikuwa na miaka kumi na minne na mpaka wakati huo hakukosa usiku hata mmoja. Alitazama, akasema, "Baba, naona nne." Baba akasema, "Ipo. Tazama kando." Akatazama tena. "Sioni." "Ipo, mama. Mbona wenzako wameiona?" Mtoto alisimama pale karibu saa nzima, shingo imemkakamaa. Mwishowe akasema, "Haya, naiona." Baba akauliza, "Iko upande gani?" Binti akaonyesha kulia, juu. Ilikuwa kushoto, chini. Marehemu akajua kwamba mtoto wake amedanganya, na akajua nani amemfundisha. Akasema, "Vizuri." Aliliona neno hilo moja kuwa baya kuliko mchoro wenyewe.

Baada ya hapo binti alianza kuwa na masomo mengi nyakati za usiku. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Aliacha tu kutoka nje, akasoma, akaenda mji mwingine, akawa mkaguzi wa majengo. Baba na binti waliongea vizuri kwenye simu kwa miaka mingi, juu ya hali ya hewa na bei ya saruji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya marehemu ilichukua miaka kumi na tisa, labda kwa sababu alikuwa mtu wa subira. Mwaka 2015 alibisha hodi mwalimu mmoja wa shule, kijana, amesafiri siku mbili. Alikuwa ametengeneza darubini ya ukubwa ule ule kwa kusoma michoro ya marehemu. Alikuwa ametazama kikundi namba arobaini na moja mara thelathini. "Mzee," akasema, "ya tano siipati. Nataka unipime macho. Kama nina ugonjwa, niuze darubini nisijisumbue." Marehemu alikuwa ameshastaafu, lakini ubao wa herufi alikuwa nao. Akamkalisha, akampima kwa nusu saa, jicho la kulia, jicho la kushoto. Macho yalikuwa mazima. Yalikuwa bora kuliko yake. Roho ikamsuta mpaka akaweka vifaa chini.

"Huna ugonjwa," akamwambia. "Hakuna mtu aliyeiona. Mimi niliichora kutoka kwenye gazeti."

Mwalimu alishuka kwenye kiti. Kisha akauliza, "Na wale kumi na mmoja?" Marehemu akasema, "Hao walinitazama mimi."

Jioni hiyo alimwambia mkewe, akiwa amesimama karibu na cherehani. Mkewe alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi. "Miaka yote hii nafungia bahasha kwa ufunguo," akasema, "kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja." Hakumpa bahasha kwa wiki tatu, na ufunguo akauvaa shingoni. Hiyo ndiyo adhabu aliyoiona inafaa, na marehemu aliitumikia bila kukata rufaa. Katika wiki hizo aliandika barua kwa chama na kuomba ichapishwe ukurasa ule ule wa mbele. Ikachapishwa. Majibu yalikuja kwa mwezi mzima. Wanachama saba waliandika kufuta walichokiona. Watatu hawakusema kitu mpaka leo. Mmoja, mama mstaafu aliyekuwa muuguzi, aliandika kwa herufi kubwa: "MIMI NILIIONA NA BADO NAIONA. DHAMBI ZAKO ZISINITOE MACHO." Marehemu aliibandika barua hiyo ukutani, na kila alipoipita alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema pengine ni kweli, na kama ni kweli, mama yule ndiye mtazamaji bora kuliko wote.

Basi aliuambia ulimwengu. Mtu mmoja tu hakumwambia. Alikuwa ameweza kuandikia chama kizima, lakini kila binti alipopiga simu, yeye aliuliza bei ya saruji. Mkewe alimsukuma, dada yake akamsukuma, na wote wakaambiwa, "Subirini kwanza." Hapo jina lake lilikuwa limeacha kuchekesha.

Mwezi Februari 2022 moyo wake ulianza kudhoofika. Alivimba miguu, akawa anapumzika mara mbili kutoka chumbani mpaka mlangoni, na daktari akamkataza kupanda kigoda cha darubini. Alilazwa mara tatu. Mwezi Julai 2023 binti alichukua likizo akaja kukaa. Familia inamshukuru kwa wiki zile nane, kwa dawa alizozipanga, kwa vyakula alivyovikoroga bila chumvi na bila malalamiko.

Siku moja asubuhi, binti akimkata kucha, marehemu alisema, "Ile ya tano sikuiona." Akamweleza yote, gazeti, mchoro, na lile neno "vizuri." Binti hakuacha kukata. Alipomaliza mkono wa kwanza akasema, "Baba, miaka ishirini na saba nadhani mimi ndiye mwongo wa nyumba hii. Nilikudanganya nikaona umeamini, nikashindwa kukutazama usoni." Akashika mkono wa pili. "Unajua kazini wananiitaje? Mama Ufa. Siandiki ufa nisiouona, na nisipouona siwekewi maneno mdomoni. Niliapa." Baba akasema, "Nisamehe, mama. Ulidanganya kwa sababu mimi nilikutangulia." Wakalia wote wawili. Mama aliyekuwa chumba cha pili alisimamisha cherehani ili asikie vizuri, na yeye mwenyewe amekiri.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2023, mwezi ukiwa haupo, walimtoa nje kwenye kiti akiwa na blanketi. Binti aliielekeza darubini mwenyewe, akakitafuta kikundi namba arobaini na moja, akatazama kwa saa moja na nusu. Baba hakusema neno. Hata "subiri" hakusema. Mwishowe akauliza, "Umeona ngapi?"

"Nne."

"Na ya tano?"

"Siioni, baba."

"Unajua ilipo. Nimeshakwambia."

"Najua ilipo. Siioni."

Waliokuwapo wanasema alivuta pumzi ndefu kuliko zote alizovuta mwaka ule. Alimshukuru binti yake, akaomba kurudishwa ndani, na akalala mpaka jua lilipopanda. Kwa wiki tatu zilizobaki hakuzungumza naye tena juu ya saruji.

Siku mbili kabla ya kufariki, hospitalini, binti alimuuliza kama yeye mwenyewe, tangu mwaka ule, aliwahi kuiona kwa haki. Alijibu kwamba alirudi kuitazama mara sitini na tatu. Usiku mmoja mwaka 2019 kitu kilijitokeza pale kushoto, chini, kwa muda wa pumzi mbili. Hakukiandika. Binti akamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nakitaka mno."

Mpendwa wetu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mjane mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa miaka tisa, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na madaftari saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanachama wa chama cha watazama nyota, mwalimu aliyesafiri tena siku mbili kuwa nasi leo, na kaka mkubwa, aliyeyasikiliza haya yote mpaka mwisho bila kumnyang'anya dada yake karatasi.

Nyuma ya karatasi mliyoishika kuna mchoro wa penseli. Wengine mmedhani ni madoa ya kuchapisha. Ni wa binti yake, wa usiku ule wa Agosti, na chini kushoto, mahali pa ya tano, pameachwa wazi. Marehemu aliutia saini mwenyewe, juu ya neno moja: "Kweli."

Apewe pumziko la amani.